Kutoka Nairobi hadi Geti la Mbio: Kushindana kwenye Ubao wa Theluji Ukiwa na Mguu Bandia

Kila nikisema pale stage ya Kangemi kwamba ninashindana kwenye theluji, swali huwa ni lile lile: "Theluji ya wapi, bosi?" Sina ubishi nalo. Baridi yetu ya Julai hutuvisha majaketi, lakini kuteleza juu yake haiwezekani. Ila baada ya miaka minne ya kuhangaika na mchezo huu, nimegundua kwamba theluji ndiyo sehemu rahisi. Unakata tiketi, unaifuata iliko. Kinachokukosesha mbio ni skrubu iliyolegea, lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi, au karatasi moja uliyoiacha kwenye droo nyumbani.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Kwa hivyo mengi hapa yanamhusu mtu wa aina yangu. Aliyekatwa juu ya goti au mwenye ulemavu wa mkono nitamtaja pale mambo yanapobadilika.

Hatua ya 1: Jua utapangwa na nani

Mchezo huu wa kuteremka ukiwa umesimama juu ya ubao mmoja uliofungwa miguuni uliingia Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi huko Sochi mwaka 2014, ukihesabiwa bado ndani ya skii. Kufikia Pyeongchang 2018 ulikuwa umesimama peke yake, na mbio za aina mbili. Ya kwanza ni krosi: mnateremka pamoja kwenye njia yenye matuta na kona, wanaotangulia kufika wanasonga raundi inayofuata. Ya pili ni slalomu ya kona zilizoinuliwa ukingo kama bakuli: unateremka peke yako, adui yako ni saa, na ule muda wako bora ndio unaohesabiwa. Anza na hii ya pili. Hakuna mtu wa kukukata mbele, na ukiharibu raundi moja unapewa nyingine.

Madaraja ni matatu. SB-LL1 ni ya wenye ulemavu mkubwa wa mguu, kwa mfano aliyekatwa juu ya goti. SB-LL2 ni ya ulemavu wa mguu usiozuia sana, kama mimi niliyebaki na goti langu. SB-UL ni ya ulemavu wa mikono. Huwezi kujichagulia. Unapeleka faili la hospitali, wanakupima misuli na viungo, halafu wanakutazama ukiteremka. Tangu 2022 mbio za kimataifa zinasimamiwa na FIS, shirikisho la skii duniani, na jina lako hupelekwa na shirikisho la nchi, si na wewe mwenyewe. Mbio ndogo za wazi hazina masharti hayo yote, na ndizo zinazokufaa mwaka wa kwanza.

Usidharau suala la daraja. Brenna Huckaby wa Marekani, aliyepoteza mguu kwa saratani ya mfupa, alishinda dhahabu mbili Pyeongchang. Michezo ya Beijing 2022 ilipokaribia, daraja lake la wanawake LL1 likaondolewa kwenye ratiba. Akaomba ashindane na wenye ulemavu mdogo kuliko wake, akakataliwa, akaenda mahakamani Ujerumani, akaruhusiwa wiki chache kabla ya michezo. Akashinda dhahabu ya slalomu. Cécile Hernandez wa Ufaransa, aliyekuwa kwenye shimo lile lile, akachukua dhahabu ya krosi. Nawataja kwa sababu moja tu: wote wawili waliendelea na mazoezi wakati hawana hata uhakika wa kusafiri. Hilo ni gumu kuliko kona yoyote.

Hatua ya 2: Kigutu kwanza, ubao baadaye

Kigutu ni ile sehemu ya mguu iliyobaki, na ndiyo injini yako. Kama umekatwa karibuni, subiri. Kigutu huendelea kusinyaa kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na soketi (kile kikombe cha mguu bandia kinachopokea kigutu) uliyopimwa Januari inaweza kuwa inacheza kama sufuria kubwa kwenye jiko dogo ikifika Agosti. Kuteremka mlima na soketi inayocheza ni kuomba kidonda.

Jifunze kuhesabu soksi. Kigutu hupungua kadiri siku inavyokwenda, nawe unaziba nafasi kwa kuongeza soksi. Nina daftari dogo la kurasa 48, lile la watoto wa shule, ninaloandikia: asubuhi soksi 2, saa sita 3, jioni 4. Siku namba ikiruka kutoka 2 hadi 5, kuna kitu: sijanywa maji, au soketi imekwisha muda wake. Fundi wangu wa viungo, mzee mmoja mpole wa karakana ya hospitali, aliliangalia daftari hilo akacheka. "Kijana, wagonjwa wangu wote wangeandika hivi ningestaafu mapema."

Kila ukivua mguu, tazama ngozi. Nyuma ya goti na chini kabisa tumia kioo kidogo. Wekundu unaofifia ndani ya dakika 15 ni wa kawaida. Wekundu unaobaki, au mahali pamekuwa pagumu na pa moto, mguu hauvaliwi tena siku hiyo. Si "nitamaliza raundi hii tu." Hauvaliwi.

Nalisema kwa ukali kwa sababu nililipuuza. Wiki tatu kabla ya mbio zangu za kwanza nilipata laina mpya, ile soksi nene ya silikoni inayokaa kati ya ngozi na soketi. Nikaijaribu siku mbili mfululizo, saa nne nne, kwenye jua la Februari. Siku ya tatu kulikuwa na lengelenge mbele ya mfupa. Nikalitoboa (usilitoboe), likawa kidonda. Siku 12 kwenye mikongojo, tiketi imeshalipwa, na Mama akipiga simu kila jioni kuuliza kama bado nina wazimu. Siku hizo sikukaa bure: nilifanya mazoezi ya tumbo, ya mgongo na ya kuvuta kwa mikono, ambayo utaona hapa chini yana kazi yake. Kidonda kilifunga siku 6 kabla ya kusafiri. Kisingefunga, ningeghairi. Kidonda kilicho wazi kikikaa ndani ya laina yenye jasho kinaweza kukupa maambukizi, na maambukizi ya kigutu ndiyo yanayokurudisha kwa daktari wa upasuaji.

Kuna jambo la baridi ambalo Nairobi hatulijui. Kwenye theluji ngozi hufa ganzi, kwa hivyo lengelenge halikupigi kelele. Jasho nalo lililobaki ndani ya laina hugeuka maji baridi. Mimi kila baada ya raundi mbili naingia ndani, navua, nakausha kwa taulo, natazama, navaa. Wenzangu hunywa chai wakati huo, mimi nakausha mguu.

Hatua ya 3: Kabari, mfuko wa mkate na ufunguo wa milimita 4

Ukiwa juu ya ubao lazima magoti yakunjike na mwili uelekee mbele. Kifundo cha mguu wa kawaida hukubali. Mguu bandia wa kutembelea haukubali, umesimama wima kama askari wa geti. Matokeo yake unakaa kitako badala ya kukunja goti, na ubao unakukimbia. Dawa ya bei rahisi ni kabari chini ya kisigino, ndani ya buti. Ya kwanza kabisa tulichonga na fundi kutoka kwenye mpira wa akala: kipande cha tairi, kinene nyuma, chembamba mbele. Tulikata mara tatu mpaka goti likakaa juu ya vidole. Sijabadilisha mpaka leo, ingawa najua kuna za viwandani.

Wenye kukatwa juu ya goti wana kazi zaidi, kwa sababu goti bandia la kutembelea litajikunja lote au likatae kabisa. Mike Schultz wa Marekani alipoteza mguu mwaka 2008 kwenye mbio za pikipiki za theluji, akajitengenezea mwenyewe goti lenye shokabsoba kama ya baiskeli ya milimani, akashinda dhahabu ya krosi Pyeongchang. Amewatengenezea pia wapinzani wake. Magoti hayo ni ghali, basi usiyanunue kabla hujajua kama mchezo wenyewe unaupenda.

Kuvaa buti kwenye unyayo usiopinda ni vita. Unyayo wa bandia haunyooshi vidole ukaingia wenyewe. Vaa juu yake mfuko wa plastiki, telezesha ndani, kisha uvute mfuko utoke. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hivyo mimi natumia ile karatasi ya nailoni ya mkate. Mkate mmoja, mbio moja.

Halafu skrubu. Chini ya soketi kuna kiungio chenye skrubu nne ndogo zinazoamua mguu unaelekea wapi. Zinakazwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Nunua mbili, mmoja ukae kwenye begi, mwingine mfukoni. Fundi akishapanga mguu vizuri, chora mstari wa kalamu ya maka kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, unajua imezunguka. Mwambie pia aziwekee skrubu gundi ya kuzishika, kwa sababu mtetemo wa mteremko mgumu hulegeza kila kitu.

Mguu upi mbele? Hapa watu hubishana mpaka usiku. Mimi mguu mzima uko mbele, maana ndio unaoongoza kona. Lakini ukifika kwenye foleni ya lifti ya kupandia mlima unafungua mguu wa nyuma na kusukumia ardhi, na kusukuma theluji kwa mguu bandia ni kama kupiga makasia kwa fimbo. Ukiweka bandia mbele, kusukuma ni rahisi, ila uzito wote unakaa kwenye soketi. Jaribu yote mawili kabla hujaamini mtu, nami nikiwemo.

Hatua ya 4: Mazoezi bila theluji

Nunua kipande cha bomba la maji la plastiki, lile nene, na ubao wa futi tatu. Weka bomba chini, ubao juu, panda. Wiki ya kwanza shikilia ukuta. Ukifikisha dakika 3 bila kushika, funga macho. Aliye na mguu bandia hana habari kutoka unyayoni, kwa hivyo anategemea macho mno, na mlimani macho yana kazi nyingine.

Skeitibodi ndiyo ndugu wa karibu. Kangemi kuna uwanja wa Shangilia wenye mabakuli ya saruji, na pale utajifunza kupampu: kujikunja unapoingia kwenye bonde, kujinyoosha unapopanda, ili kasi iongezeke bila kusukuma. Kwenye slalomu ya kona hilo ndilo linalotenganisha wa kwanza na wa kumi. Nenda asubuhi, kabla vijana hawajajaa. Wana heshima, lakini wana kasi.

Mbio huanza ukiwa umeshika mikono miwili ya geti, unajivuta nyuma kisha unajirusha. Mimi nafanyia mazoezi kwenye nguzo mbili za geti la ploti yetu: mvuto 10, pumzika, mara 5. Kea-teka alinikuta saa kumi na mbili asubuhi akadhani naling'oa geti. Mwenye mkono mmoja hujivuta upande mmoja, basi na afanye mara mbili ya hizo, akizingatia asizunguke kiuno.

Na kwenye matatu? Ndiyo, kusimama kwenye basi la Ngong Road bila kushika chuma ni mazoezi mazuri ya miguu. Sikushauri, ila nimeyafanya.

Hatua ya 5: Nguo

Nenda masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, mapema, siku bale inapofunguliwa. Majaketi ya skii yamejaa, ndiyo hayo wanayovaa watu wa boda. Tafuta lenye kitambaa cha ndani cha kukinga theluji kiunoni, na ukague mshono wa mabega. Langu nililipata kwa shilingi 900, mama muuzaji akinisindikiza: "Kastoma, ukiganda usinilaumu." Glavu na miwani vilevile mtumba. Helmeti usinunue mtumba, kwa sababu iliyowahi kugonga haionyeshi kwa nje.

Hatua ya 6: Theluji yenyewe

Ya karibu iliyo ndani ya jengo ni Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005, yenye mteremko wa hadi mita 400. Ni mfupi, lakini kwa siku moja utateremka mara nyingi kuliko mlimani, na ukianza ndicho unachohitaji. Mlima halisi wa Afrika unaotufaa ni Afriski, Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, ukiwa kinyume na ule wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza ya Afrika Kusini kwa siku 90 kwa mwaka, mpango ulioanza Januari 2023, kwa hivyo njia ya Johannesburg kisha barabara ndiyo nafuu. Sisi wa Nairobi, tulio kwenye mita 1,700 hivi, tunapumua vizuri kule kuliko wanaotoka pwani. Ulaya nako kuna Landgraaf, Uholanzi, ukumbi wa ndani ambao umewahi kuandaa mbio za Kombe la Dunia za mchezo huu.

Onyo la lifti ya viti. Ukikaa kitini, ubao unaning'inia kwenye mguu wa mbele, na kama huo ndio bandia, uzito unauvuta kutoka kwenye kigutu. Mara yangu ya kwanza, nilipokuwa bado naweka bandia mbele, nilisikia "pfff," hewa ikiingia kwenye laina, na soketi ikaanza kushuka taratibu huku niko juu ya vichwa vya watu. Nilishika suruali kwa mikono miwili mpaka juu. Tangu siku hiyo navaa mshipi: utepe wa begi kuukuu, unazunguka kiuno na kushuka kwenye soketi. Egemeza pia ubao juu ya buti la mguu mzima.

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Anza miezi sita kabla. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima lazima ifike angalau yuro 30,000. Soma bima hiyo kwa kalamu mkononi. Nyingi zinakubali kuteleza kwa starehe na kukataa neno "mashindano." Omba waandike kwa maandishi kwamba mbio zimo.

Jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kama bado, kwa sababu wafadhili wengi wataulizia ile kadi. Kwenye barua ya kuomba ufadhili, jibu swali la theluji katika aya ya kwanza. Mimi huandika kwamba Mkenya Philip Boit alishindana kwa skii kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie; na kwamba Sabrina Simader aliteremka kwa skii kwa jina la Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Kampuni moja ilinijibu kwamba haifadhili "vichekesho." Nyingine ikalipa tiketi. Pesa zilizobaki zilitoka kwenye chama chetu na kwenye harambee ya M-Pesa iliyoanzishwa na binamu.

Ndani ya ndege, mguu bandia, laina ya akiba, ufunguo na kabari viko kwenye begi la mkononi. Ubao ukipotea utaazima. Mguu hauazimwi. Kigutu huvimba angani, basi usivue laina safari nzima. Ukivua, vaa soksi ya kubana mara moja, la sivyo utashuka ukiruka kwa mguu mmoja.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika saa mbili kabla ya mbio kuanza. Kagua njia kwa kuteleza polepole pembeni, ukihesabu kona na kutafuta ile moja yenye barafu ngumu. Kaza skrubu, tazama mistari ya maka. Kula ndizi. Raundi ya kwanza teremka kwa asilimia 80 ya nguvu zako ili uwe na muda kwenye ubao wa matokeo. Raundi ya pili ndiyo ya kuhatarisha.

Ukianguka, kunja ngumi, usinyooshe kiganja, maana mikono ndiyo inayovunjika zaidi kwenye ubao. Mguu ukitoka, kaa kitako na uinue mkono ili msimamizi wa njia aone uko macho. Watazamaji watapiga mayowe kuona mguu umeelekea kwingine. Wapungie.

Mimi kwenye mbio zangu za kwanza nilianguka kona ya nne. Nilikuwa nimekagua skrubu tatu, ya nyuma sikuifikia kwa sababu ya glavu, na mguu ulikuwa umezunguka kama dakika tano za saa. Kati ya raundi mbili nilikuwa na nusu saa. Nikavua glavu, nikaurudisha mguu mpaka mstari wa maka ukakutana, nikakaza huku vidole vikiuma. Raundi ya pili nikafika chini wima, wa tatu kutoka mkiani.

Usiku huo hotelini nilining'iniza laina bafuni, nikatazama ngozi kwa kioo, wekundu ukafifia kwenye dakika ya 11. Kwenye daftari niliandika: asubuhi soksi 2, jioni 4. Skrubu ya nyuma, kagua kabla ya kuvaa glavu.